Monitrisi na Lango la Kiwanda

Hatukuwahi kumwita jina. La ubatizo lilikuwa limekatazwa na serikali pamoja na majina yetu yote ya kizungu, na lile la kienyeji alilojichagulia badala yake hakulizoea. Ukimwita kwa hilo hageuki. Basi tukabaki na la kazi: Monitrisi. Ndivyo walivyoitwa wanawake waliofundisha kwenye fwaye, ile nyumba ya Kampani, wenye migodi na kiwanda, ambapo sisi wake za wafanyakazi tulijifunza kushona, kudarizi, kupika na kuogesha watoto, kana kwamba mama zetu hawakutuogesha. Wamonitrisi walikuwa kadhaa, lakini ukisema Monitrisi bila kuongeza neno, kampu nzima ya wafanyakazi ilijua unamsema nani.

Yeye ndiye aliyechora alama za kiwanda. Sizungumzii maandishi. Nazungumzia zile picha ndogo zilizobandikwa juu ya milango na kwenye mabomba, ili mtu asiyejua kusoma ajue hapa pana asidi, pale pana umeme, haya ni maji ya kunywa, kule usipite. Wasiojua kusoma walikuwa wengi, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Monitrisi alizichora zote, na zile za ndani hakuwahi kuona hata moja ikiwa mahali pake, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kupita lango la kiwanda. Nikimkumbuka leo, na ninamkumbuka kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya ndugu zangu wa damu, namwona amesimama nje ya lango hilo, kitenge kimefungwa sawasawa, shingo ameinyoosha, anajaribu kuona ndani.

Alikuwa mwembamba, mweusi, mwenye vidole virefu ambavyo alivipenda kuliko alivyopenda kukiri. Alivipaka mafuta ya mawese kila asubuhi, akavifunika na kitambaa akienda sokoni. Lakini pindo la gauni lake lilikuwa limefumuka tangu nilipomjua, na hakulishona. Wewe ukipitisha uzi upande tu, anafumua kazi yako yote mbele ya wenzako na kukurudishia kitambaa kitupu. Tulipomwonyesha pindo lake, alituambia lile halikuwa somo la siku hiyo.

Alitufundisha pia namna ya kumtunza mume: sahani yake ikae wapi, maji yake ya kuoga yawe moto kiasi gani akitoka zamu ya usiku. Alifundisha hayo kwa sauti ya mtu anayesoma sala. Wa kwake mwenyewe alikuwa amemfukuza zamani, mji wetu wa Likasi ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, na ukimwuliza kwa nini, alisema yule bwana alikuwa anapumua kwa makelele. Tulicheka hadi tukashika mbavu, yeye hakucheka.

Kazi ya alama ilianza na mto wa kiti. Kila mwaka fwaye ilifanya maonyesho, tukapanga meza na vitambaa vyetu, na wakubwa wa Kampani wakapita na wake zao wakisema vizuri, vizuri, bila kusimama. Mhandisi mmoja alisimama. Alikuwa mhandisi wa usalama, kijana wa kwetu aliyesomea ng'ambo, mpole, mwenye miwani iliyomshuka puani kila mara. Alisimama mlangoni kabisa, akanyoosha kidole kwenye mto wa Monitrisi uliokuwa mwisho wa chumba, akasema: "Ile ni kuku."

Ilikuwa kuku kweli. Alikuwa amedariziwa kwa misalaba midogo ya uzi, juu ya kitambaa chenye miraba, kwa nyuzi chache sana. Kwa karibu ulikuwa huoni kitu ila misalaba. Kwa mbali ulikuwa unaona kuku, tena kuku mwenye hasira. Mhandisi alituambia kwamba kiwandani walikuwa wamebandika vibao vya Kifaransa kila mahali, na kila mwezi mtu anaungua. Akamwuliza Monitrisi kama angeweza kufanya asidi.

"Asidi iko na sura gani?" Monitrisi alimwuliza.

Mhandisi akafikiri, akakiri kwamba haina sura.

"Bon. Uniachie siku kidogo."

Alichora kwa miraba, maana hakujua kuchora kwa namna nyingine. Mkono mtupu ulimshinda. Mpe kalamu umwambie achore mbuzi, atakutolea kitu cha aibu. Lakini mpe karatasi ya hesabu ya watoto wa shule, yenye miraba, na kila mraba aliuita chumba. Chumba kina mtu au hakina mtu, alisema, hakuna nusu mtu. Alikaa mezani kwake karibu na dirisha akijaza vyumba kwa kalamu ya risasi, akifuta, akijaza. Akimaliza, anaanza kupunguza. Hapo ndipo alipokuwa mgumu kuliko kwenye uzi. Anaweka kidole juu ya chumba kimoja, anakifunika, anatazama. Kama picha bado inaeleweka, huyo mtu anafukuzwa. Nilimwuliza siku moja anajuaje kwamba imetosha, akanijibu: "Nikitosha kingine, na kuku inakufa, njo minajua." Kwetu kutosha ni kutoa.

Na alipofikiri amemaliza, hakumaliza. Alibandika karatasi nje ya dirisha lake, kwenye ukuta wa fwaye ulioelekea barabara, akakaa ndani na kuwaita wapita njia. Hakuna aliyepona. Muuza nyanya, katekista, mlevi wa Jumamosi, wanawake waliotoka Kapolowe na samaki vichwani.

"Njo hapa. Angalia ile kintu. Ni nini?"

"Ni muto."

"Muto ya kulala?"

"Eh. Muto."

"Bon. Enda."

Hiyo ilikuwa alama ya ghala la unga, lile la kampu, nje ya lango. Alikuwa amechora gunia, na watu wote wa Likasi waliona mto wa kulalia. Alikasirika kwa wiki nzima, hakutufundisha kitu. Halafu akalichora gunia lile lile limefunguliwa mdomo na kopo limezama ndani, na muuza nyanya akapita akasema tu, bila kuitwa: "Leo banatoa bunga?" Monitrisi alifunga dirisha akatutengenezea chai sote. Alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka tukaliiga nyuma ya mgongo wake: "Kama mutu anasimama juu ya kufikiri, ni minye nimeshindwa, haiko yeye."

Asidi aliitafuta kwetu sisi. Aliingia darasani asubuhi, akaangalia mikono yetu mmoja mmoja, maana hiyo ilikuwa tabia yake, hakuanza na uso wa mtu, akaniuliza mimi: "Mama Kabwe, weye unafula kombinezo ya bwana yako. Unaona nini pale?"

Nikamwambia naona uchafu.

"Na nyuma ya uchafu?"

"Matundu."

"Ya nini?"

"Ya asidi."

Darasa zima likaguna, kwa sababu hakuna mwanamke wa kampu ambaye hakushona matundu hayo. Nguo ya kazi inatoka nzima, inarudi imetobolewa kama kichujio, na kesho yake inatakiwa tena. Monitrisi alikwenda dirishani. Kilichotoka kwenye vyumba vyake safari hiyo kilikuwa suruali yenye tundu gotini, na tone juu yake. Basi. Wanaume walipoiona mara ya kwanza kiwandani walicheka sana. Mume wangu alikuja nyumbani akaniambia kwamba wamewekewa suruali iliyochanika mlangoni. Lakini hawakuisahau. Mtu anaweza kusahau fuvu la kichwa linalochorwa kwenye vibao vya hatari, maana la kwake hajawahi kuliona. Suruali yake anaijua.

Mafundi wa karakana walizikuza picha zake kwenye mabati, chumba kwa chumba, wakazipaka rangi na kuzipeleka ndani. Hapo ndipo zilipomponyoka. Karatasi ilirudi, bati lilikwenda.

Na ndipo alipoanza kusimama langoni. Zamu zikibadilishana, wanaume wanatoka wamechoka, wanatafuta njia ya nyumbani au ya pombe, na Monitrisi anawazuia. Iko juu ya mlango au pembeni? Kimo gani? Jua linaipiga? Nyuma yake ukuta una rangi gani? Wanaume wakamwona kama mtu aliyepagawa kidogo. Walimjibu kwamba iko tu pale. Mume wangu, ambaye kwa kawaida maneno yake kwa siku ungeyahesabu na vidole vikabaki, alimwambia: "Iko muzuri, Mama," akapita. Monitrisi alikuja kwangu jioni hiyo akakaa jikoni, akaniuliza kama mume wangu ni mzima. Nikamwambia ni mzima ila kwa mdomo.

"Minataka kuona paka mara moja, mara moja tu," aliniambia. "Haiko kugusa. Kuona. Kama iko chini sana, bantu batainama. Kama iko juu sana, hakuna mutu atainua kichwa. Ku karatasi hainionyeshe."

Sikuwahi kumwona akitaka kitu kingine. Alikuwa anakwenda misa kila siku na kugombana na masista kila wiki, na sijui alimwomba Mungu mengine gani, lakini hilo najua alimwomba, kwa sababu aliniambia.

Mhandisi alijua pia. Yeye alikuja fwaye mara kwa mara, akapewa kiti kile kile, miwani ikamshuka, wakazungumza vyumba na mabati kwa saa nzima. Nadhani walipendana kwa namna ya watu wa kazi moja, ingawa sisi wanawake tulikuwa na maelezo mengine na tuliyafurahia. Mwaka ule wa mwisho alimwahidi. Siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa watu wa mgodi na wa moto, Kampani ilikuwa inaingiza wageni wachache kiwandani, wakuu na mapadri, na mhandisi alipata ruhusa ya kumwingiza na yeye. Ruhusa ilitoka kweli. Monitrisi alishona gauni jipya la kitenge, na pindo lake alilishona, tena mara mbili. Alinunua viatu vya kufunika vidole kwa sababu mhandisi alimwambia hakuna kuingia na ndala. Akavizoesha barabarani mbele ya fwaye, akitembea huku na huku, na sisi tukimwangalia madirishani.

Kabla ya sikukuu hiyo mhandisi alimwomba alama moja ya mwisho. Ilikuwa ya ghala la mafuta na dawa za kusafishia, mahali ambapo cheche moja ingetosha kutupeleka sote mbinguni. Usiwashe moto. Alichora mkono umeshika kijiti cha kiberiti kinachowaka, na mstari mwekundu ukakata picha nzima toka kona hadi kona. Aliibandika ukutani kama kawaida. Wote walijibu vizuri. Muuza nyanya alisema: kukataza moto. Katekista alisema: usivute sigara. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo, bila kusimama, na akafurahi sana, kwa sababu hakuna picha iliyokuwa imeeleweka upesi namna hiyo. Bati likatengenezwa, likaingia ndani, likafungwa ukutani kwa bolti nne.

Labda wewe unayesoma umeshaona. Sisi hatukuona. Alama ya Chama, chama pekee kilichotawala nchi, ilikuwa mkono umeshika mwenge. Ilikuwa kifuani mwa kila mtu aliyefanya kazi, kwenye bendera, kwenye vitenge, kwenye kuta za shule, kwenye sarafu. Katekista aliyesema usivute sigara alikuwa ameivaa kwenye koti. Mhandisi aliipokea karatasi naye ameivaa. Tulikuwa tumeiangalia asubuhi na jioni kwa miaka, na ndiyo maana haikuwa inaonekana tena. Na mkono wa Monitrisi, kwa vyumba vyake vichache, ulikuwa mkono huo huo, na moto huo huo, na mstari mwekundu juu yake.

Watu wa Chama wa pale kiwandani waliuona. Walikuja kumchukua katikati ya somo, wanaume wawili wenye heshima ya kutisha, wakimwita citoyenne, yaani mwananchi. Alitoka na sindano mkononi. Tulibaki na vitambaa vyetu magotini, hakuna aliyeendelea kushona, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu hujui aliyekaa karibu nawe atakisema wapi.

Alirudi baada ya siku kadhaa. Hawakumpiga, au alisema hawakumpiga. Nilikwenda kwake nikamkuta anafunga vyombo, na yote niliyoyajua ya ndani ya ofisi ile aliniambia hapo, amechuchumaa juu ya sakafu, akizungushia vikombe kitambaa.

"Baliniuliza: citoyenne, huyu mukono ni ya nani? Nikasema ni ya mutu anawasha sigara. Banasema angalia muzuri. Nikaangalia." Akakaza fundo la kitambaa. "Mama Kabwe, minye mwenyewe njo pale niliona."

"Na mhandisi?"

"Alikuya. Alitetemeka, masikini, lakini alikuya. Akaniambia kwa sauti ya chini: sema ulichora mubaya. Sema mukono haifanane na mukono, ni makosa ya mutu wa sindano, hakusoma. Batacheka, batakuachilia, na siku ya Barbara utaingia. Alikuwa ameshaongea nabo."

"Na ulisema hivyo?"

Alichukua kikombe kingine.

"Nikasema ile mukono iko muzuri."

Nilikasirika. Naweza kusema hivyo leo bila aibu, nilimkasirikia mpaka nikamwinulia sauti mtu aliyenizidi umri na aliyetoka ofisi ile. Nilimwambia lango lilikuwa wazi, viatu vilikuwa tayari, neno moja tu la uongo, tena uongo mdogo ambao hata padri angeusamehe kabla hujamaliza kuusema. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema kama angewaambia mkono ule ni mbaya, wangekwenda kuangalia na alama nyingine, na kuuliza kama nazo ni mbaya, na mume wangu angebaki na nini mlangoni. Labda ndivyo. Labda pia ilikuwa ni vile vidole vyake na mafuta yake ya mawese. Sijui hata leo ni kipi, na nadhani kama ningejua ningempenda pungufu.

Bati la mkono waliling'oa. Nyingine waliziacha, kwa sababu hakukuwa na za kuweka badala yake. Monitrisi alinyang'anywa fwaye na nyumba ya kampu, akakatazwa kuichorea Kampani kitu chochote, na akaondoka kwenda Kapolowe, kwa dada yake aliyekuwa na shamba karibu na misheni. Mhandisi alihamishwa. Siku ya Mtakatifu Barbara walipiga tarumbeta, wageni wakaingia, na mimi nilibaki nyumbani.

Ukitaka kujua hamu ni nini, ishi mahali ambapo mtu aliondoka lakini kazi yake imebaki. Kila mwezi nilipokwenda kuchukua unga nilipita chini ya lile gunia na kopo lake. Kwenye zahanati ya kampu palikuwa na mama amempakata mtoto, vyumba vichache tu, na shingo ya mama yule imeinama namna ambayo ningeitambua popote. Nilipita chini yao nikaona aibu kwamba mimi nawaona na yeye hawaoni. Fwaye ilipata monitrisi mwingine, mwanamke mwema, aliyetusifia hata tulipokosea. Nilichukia sifa zake. Nilitaka mtu anifumulie kitambaa changu na kunirudishia kitupu. Na nilisema kila mwaka nitakwenda Kapolowe, Kapolowe si mbali, watu wanakwenda na kurudi na samaki wao siku hiyo hiyo. Halafu mtoto anaugua, mvua zinaanza, lori halipo, mwaka umekwisha. Yeye hakutuma salamu. Nilimjua, alikuwa anangoja aulizwe.

Miaka ikapita namna hiyo. Kampani ikaanza kuchoka. Mishahara ikachelewa, tanuru moja ikazimwa, kisha nyingine, na mume wangu akarudishwa nyumbani kungoja kuitwa tena, na hajaitwa. Mimi nikapata kazi ya kufagia ofisi za parokia. Huko padri mmoja aliletewa na ndugu zake wa ng'ambo mashine ya kompyuta, kitu kidogo cha rangi ya mchanga, na sote tulikwenda kukishangaa kama kawaida yetu.

Nilikuwa na ufagio mkononi. Padri alikuwa anaonyesha watu. Kwenye kioo hakukuwa na maandishi mengi, kulikuwa na picha: karatasi iliyokunjwa kona, ndoo ya taka, kopo la rangi linalomwagika, na mkono. Padri alieleza kwamba mtu hahitaji kukariri maneno, anagusa picha na mashine inaelewa. Nikasogea hadi pua yangu ikakaribia kioo. Ule mkono ulikuwa wa vyumba. Ulikuwa wa vyumba vyeusi na vyeupe, kila kimoja na mtu wake au bila mtu, na hakukuwa na hata kimoja cha kupunguza.

"Padri, nani alichora hii?"

Alisema hajui, mtu fulani huko Amerika. Nikamwuliza kama ni mwanamke. Akacheka, akasema hajui hilo pia, na kwa nini nalia. Sikuwa nimegundua kwamba nalia. Nilimaliza kufagia, nikarudi nyumbani, nikamwambia mume wangu kwamba kesho nakwenda Kapolowe. Aliniangalia, akasema: "Tunaenda."

Tulipanda lori la mahindi. Tulimkuta Monitrisi nyuma ya nyumba ya marehemu dada yake, amekaa kwenye kiti kifupi anachambua karanga. Miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kusimama kutupokea. Kichwa chote kilikuwa cheupe. Aliangalia mikono yangu kwanza.

"Mama Kabwe," akasema. "Umekawia."

Nilipiga magoti nikamshika. Alinipigapiga mgongoni, kidogo kwa ukali, kama anayenyoosha kitambaa. Halafu nikamweleza yote: kioo, ndoo, mkono, vyumba. Alisikiliza vizuri, akauliza kidole gumba kilikuwa upande gani, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba huyo wa Amerika anajua kazi. Lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwa mume wangu, aliyekaa pembeni juu ya kinu kilicholala.

"Baba Kabwe. Weye ulitumika mule miaka mingi."

"Mingi, Mama."

"Minye miguu haiko tena. Hata bakifungua mulango leo, sitafika." Aliweka ungo wa karanga chini. "Uniingize."

Nilitaka kumjibia, maana nilimjua mume wangu. Yeye akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Kwanza ku mulango unapashwa kupatia mulinzi jeton yako, ile kibati ya namba," akasema. "Bila jeton hauingie."

"Sina."

"Minachukua yangu, utapita nayo." Akangoja kidogo, kana kwamba mlinzi anaandika. "Sasa tuko ndani. Njia iko ya mawe, uangalie viatu. Ku mukono ya kushoto ni fasi ya kubadirisha manguo. Pale mulango ya pili, juu kidogo ya kichwa yangu, iko suruali yako."

"Juu kidogo?"

"Hivi." Akasimama, akaonyesha kwa kiganja. Monitrisi aliangalia kiganja kile bila kupepesa. "Moshi inaichafua kila juma. Bantu banaipanguza na mukono ya kombinezo, banapita. Hakuna shefu alibatuma."

Akaendelea. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile, si siku ya harusi yetu, si walipozaliwa watoto. Alimpitisha chini ya mabomba akamwambia ainamishe kichwa, na nikaona kweli Monitrisi ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye mashine za kusaga mawe alimwambia kwamba hapo hatamsikia, makelele ni mengi, basi akanyamaza na kumwonyesha kwa kidole tu, huku, kule, juu, na yeye akafuata kidole kwa macho, alama baada ya alama, katika ua ule usio na kitu ila karanga na kuku wa jirani. Sikuthubutu hata kukohoa.

Kisha akashusha mkono.

"Hapa ni magazini ya mafuta," akasema, yaani lile ghala.

Monitrisi aliinua macho kutafuta.

"Haiko, Mama. Baliitosha. Kunabaki paka matundu ine ya bulati ku ukuta."

"Minajua," akasema Monitrisi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na bantu banavuta sigara pale?"

Mume wangu alishangaa kuulizwa.

"Hapana. Hakuna mutu alivuta pale, hata siku moja. Mutu mupya akifika na sigara ku kinywa, tunamuonyesha matundu. Anaizima."

Monitrisi aliweka vidole vyake virefu juu ya magoti, akavitazama, akavigeuza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Alikaa hivyo hadi yalipokoma yenyewe. Halafu akainua uso kwa mume wangu, ambaye alikuwa bado amesimama pale mbele ya ukuta wa magazini, kofia mkononi, akimngoja.

"Muzuri," akasema. "Sasa unirudishe ku mulango. Pole pole."